Kivuli na Jua katika Vitalu vya Michikichi vya Rumonge



Mvua za kwanza zinapoanza kunyesha mwezi wa Oktoba katika tambarare ya Imbo, vitalu vya michikichi vilivyo karibu na barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac huanza kupata wanunuzi. Mkulima hufika na baiskeli yake, huzunguka kati ya viriba vyeusi vilivyopangwa chini, huinama, hutazama, kisha hunyosha kidole kuelekea mche mrefu kuliko yote. Mwuzaji hampingi. Bei hulipwa, mzigo hufungwa kwa kamba, na mkulima hurudi nyumbani akiamini kwamba amewatangulia jirani zake kwa mwaka mzima. Si ajabu kwamba mche alioupenda kwa urefu wake ndio uliopaswa kutupwa.

Jambo hili laonekana dogo, na pengine wapo watakaoshangaa kwamba mazungumzo yanayofuata habari za dunia yatumie dakika zake kwa mche wa mti. Lakini wale wanaoishi kwa mawese wanajua uzito wake. Mkulima wa mahindi akikosea mbegu huliona kosa lake baada ya miezi minne, na msimu unaofuata hurekebisha. Mwenye mchikichi hana nafasi hiyo. Mti aliouweka ardhini leo hautampa mikungu ya maana kabla ya mwaka wa tatu au wa nne, na ukishaanza kuzaa hutarajiwa kumlisha kwa miaka 25 au zaidi. Kosa lililotendeka kwa majuma machache chini ya paa la makuti laweza kukaa shambani muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kusoma, kuoa na kujenga nyumba yake. Na kosa lenyewe, mara nyingi, ni la kivuli.

Mchikichi, ambao kwa Kirundi huitwa ikigazi, si mti wa milima. Asili yake ni Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, katika nchi za chini zenye joto na mvua nyingi. Wataalamu wa kilimo husema kwamba hupendelea mvua ya milimita 2000 kwa mwaka iliyogawanyika vema katika miezi yote, pamoja na jua la saa 5 au zaidi kila siku. Rumonge haitimizi masharti hayo yote. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kiasi cha mita 770 juu ya bahari, mvua ni pungufu ya kipimo hicho, na miezi ya Juni, Julai na Agosti huwa mikavu. Kinachouwezesha mti huu kustawi hapo ni joto la ziwa lenyewe na ule ukanda mwembamba wa ardhi tambarare uliolala chini ya milima. Ukipanda milimani kuelekea mashariki, baada ya mwendo mfupi tu michikichi hupungua na kutoweka, na mazao ya nchi ya baridi huchukua nafasi yake. Hali ni hiyo hiyo Kigoma, kusini ya mpaka, na ndiyo hiyo Fizi, ng'ambo ya ziwa katika Kongo. Katika ufuko huu wote mchikichi unaishi karibu na mwisho wa makao yake, na mti wa namna hiyo hausamehi makosa kama ungalivyosamehe kule Yangambi au Kamerun.

Ili kuelewa kazi ya kivuli, hapana budi kuanza na kokwa. Mbegu ya mchikichi imefungwa ndani ya gamba gumu, na haiamki kwa urahisi. Katika vituo vinavyozalisha mbegu bora, huwekwa katika chumba chenye joto la digrii 39 au 40 kwa muda wa siku 40 hadi 80, kisha hurudishiwa unyevu na kuachwa katika joto la kawaida mpaka ichipue. Ndiyo sababu mwenye kitalu anayeagiza mbegu bora hupokea kokwa zilizokwisha kuota, zenye kichipukizi upande mmoja na mzizi mdogo upande wa pili.

Ndani ya gamba hilo mna chakula kingi, ambacho karibu nusu yake ni mafuta. Mche unapoanza kukua, kiungo laini mfano wa sponji hutanuka ndani ya kokwa na kukinyonya chakula hicho kidogo kidogo. Kazi hiyo huchukua miezi mitatu hivi. Kwa maneno mengine, katika miezi mitatu ya kwanza ya maisha yake mche wa mchikichi haujaanza kujitegemea. Una majani mawili au matatu membamba, yasiyopasuka, yanayofanana zaidi na jani la mtama kuliko kuti la mchikichi, na majani hayo huanza kujifunza kazi ya kutengeneza chakula kwa nguvu ya jua, huku sehemu kubwa ya riziki ikitoka chini, ndani ya kokwa.

Hapo ndipo kivuli kina haki yake. Mche wa umri huo una mizizi michache mno. Ukiachwa katika jua kali la Imbo, majani yake hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta. Udongo ndani ya kiriba kidogo cheusi hupata joto, ncha za majani hukauka, na mche hudumaa. Kwa hiyo katika kitalu cha kwanza miche huwekwa chini ya paa, yaani fito zilizosimamishwa kwa kimo cha mita 2 hivi ili mtu apite bila kuinama, na juu yake makuti au nyasi zilizotandazwa kwa wepesi. Mwanga hupita, lakini umepunguzwa. Maji ya kumwagilia hutumika kidogo, na mvua kubwa ya matone mazito haichimbui kokwa. Wakulima wa kahawa waishio milimani juu ya Rumonge hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa vitalu vya kahawa hujengewa paa la namna hiyo hiyo.

Shida haimo katika kuweka kivuli. Imo katika kukiacha.

Baada ya miezi mitatu kokwa imekuwa tupu. Mche sasa una majani matatu au manne, na tangu siku hiyo kila kitu utakachokijenga, iwe ni mzizi, jani au shina, utakijenga kwa mwanga unaoangukia majani yake mwenyewe. Ukiendelea kukaa gizani, hauna mahali pengine pa kupata riziki. Na mmea ulio katika njaa ya mwanga haukai kimya kungoja. Huutafuta. Hupeleka nguvu zake chache juu, hurefusha majani, huyasimamisha wima, huyafanya membamba na mepesi, na ili kulipia gharama hiyo huinyima mizizi na shingo ya mche, yaani ile sehemu iliyo karibu na udongo. Mtazamaji huona mche umepanda juu kwa kasi. Kwa hakika umekopa kutoka chini.

Katika miti mingine deni hilo hulipika. Mwembe au mparachichi uliokuwa mwembamba utotoni huweza kunenepa baadaye, kwa sababu shina la mti wa namna hiyo huongeza unene kila mwaka mahali popote pale. Mchikichi haukuumbwa hivyo. Hauna matawi, na una chipukizi moja tu linalokua, ambalo limo katikati ya majani. Shina lake halinenepi siku zote. Katika miaka ya kwanza mti hukaa chini, ukipanua kitako chake mpaka kifikie upana wa mti mzima, na baada ya hapo tu ndipo hupanda juu. Mtu aonaye mchikichi wa miaka miwili umechuchumaa chini na kudhani kwamba haukui, anautazama wakati unajenga msingi. Mche uliofika shambani na shingo nyembamba na mizizi haba huanza kazi hiyo ukiwa nyuma, tena ukiwa umekwisha kulazwa na upepo wa ziwa mara kadhaa.

Jani lililokulia kivulini nalo lina maumbile yake. Ni pana na jembamba, limeumbwa kukusanya mwanga hafifu. Likitolewa ghafla katika jua la saa sita za mchana, hupokea mwanga mwingi kuliko linavyoweza kuutumia, na ziada hiyo huiharibu rangi ya kijani iliyo ndani yake. Baada ya siku chache jani hugeuka kuwa jeupe, kisha la kahawia, kana kwamba limebabuliwa na moto. Mwenye kitalu akiona hivyo hushtuka, hurudisha makuti yote juu ya paa, na kuamini tangu siku hiyo kwamba mchikichi hauwezi jua. Hapo amepata funzo la kinyume. Kilichounguza miche yake ni ule mruko wa ghafla kutoka giza kwenda mwangani. Jua lenyewe halina kosa.

Njia iliyo sahihi ni ya pole pole. Mche unapofikisha majani matatu, makuti huanza kupunguzwa, theluthi moja kwanza, na majuma mawili au zaidi baadaye theluthi nyingine, mpaka kabla ya kuhamishiwa kiriba kikubwa mche uwe umekaa siku kadhaa katika jua kamili. Wenye vitalu wa zamani walikuwa na hila moja ya werevu, ambayo haigharimu kitu. Walitandaza makuti mabichi ya mchikichi, wakayaacha yakauke juu ya paa. Vijani vyake hunyauka na kudondoka kimoja kimoja, na kwa namna hiyo paa hujipunguza lenyewe huku miche ikikua. Atumiaye wavu wa plastiki ulionunuliwa dukani hana bahati hiyo. Wavu haudondoki, na ni lazima mtu akumbuke kuuondoa.

Tena kuna kivuli na kivuli. Kivuli cha makuti makavu au nyasi hupunguza mwanga tu. Kivuli cha majani mabichi, kama vile chini ya migomba au chini ya mwembe, hufanya zaidi ya hapo. Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi, na majani mabichi huzinyonya zile zenye faida, hasa nyekundu na buluu, na kuachia mabaki. Mimea mingi hutambua mabaki hayo. Kwao ni ishara kwamba jirani amewatangulia juu, na jibu lao ni kurefuka upesi. Ndiyo maana miche iliyowekwa ndani ya shamba la migomba ili kuokoa gharama ya fito na makuti hurefuka kuliko ile iliyo chini ya paa, hata kama macho ya mtu yanaona giza la namna moja.

Yaliyoelezwa mpaka hapa yanahusu paa. Lakini mche waweza kukosa mwanga hata pasipo paa, nao ni ukosefu unaotokea zaidi katika vitalu vidogo vya Rumonge. Katika kitalu cha pili, mche uliohamishiwa kiriba kikubwa hukaa miezi minane au kumi. Utaratibu unaokubalika ni kuviweka viriba hivyo kwa umbali wa sentimita 90 kutoka kimoja hadi kingine, kwa mpango wa pembe tatu. Hebu tufanye hesabu. Hekta moja ya michikichi iliyopandwa kwa umbali wa mita 9 huchukua miti 143. Ukiongeza miche itakayotupwa kwa ubovu na ile ya kuzibia mapengo, kitalu kinahitaji kuanza na miche kama 200. Kwa umbali wa sentimita 90, miche 200 hudai eneo la mita za mraba 140. Viriba hivyo vikibanwa pamoja, kimoja kikigusa kingine, hutosha katika mita za mraba 13.

Mtu mwenye kiwanja kidogo kando ya mto, ambaye hubeba maji kwa ndoo katika kiangazi, na kila mche ukihitaji lita 1 hadi 2 kwa siku, atachagua nini? Atavibana. Na kwa miezi miwili au mitatu haoni dhara lolote, maana majani bado ni mafupi. Kisha majani yanakutana, kila mche unamtia jirani yake kivuli, na yote kwa pamoja yanaanza kukimbilia juu. Ile iliyo katikati ya kundi hurefuka zaidi. Ile ya pembezoni, inayopata jua la ubavuni, hubaki mifupi, minene na iliyotandaza majani. Mnunuzi hufika, akaidharau ya pembezoni, akachukua ya katikati. Aidha, katika msongamano huo unyevu hukaa juu ya majani mpaka mchana, na magonjwa ya ukungu yanayotia madoa hupata makao.

Lazima itajwe hapa kwamba sheria ya kuondoa kivuli haikuandikwa kwa nchi zote sawasawa. Katika sehemu za Afrika Magharibi upo ugonjwa wa mizizi unaoua miche kwa wingi, nao huenezwa na mdudu mdogo arukaye anayefyonza majani. Huko ilionekana kwamba kuwekea kivuli kitalu cha pili katika majira ya hatari hupunguza vifo, na wenye vitalu wakakubali kupoteza unene kidogo ili kuokoa uhai. Anayesoma kitabu kilichoandikwa Côte d'Ivoire na kukitumia Nyanza-Lac neno kwa neno, pasipo kuuliza kama ugonjwa huo upo kwake, aweza kujitia hasara bure.

Kalenda ya Imbo ina maagizo yake yenyewe. Mche unapaswa kuingia shambani mvua zinapoanza, ili mizizi ipate miezi saba ya unyevu kabla ya kiangazi. Kwa kuwa safari yote ya kitaluni ni ya mwaka mmoja hivi, mbegu iliyoota hutiwa katika kiriba kidogo mwezi wa Oktoba au Novemba wa mwaka uliotangulia. Kivuli huanza kupunguzwa Januari, wakati mawingu ya mvua yenyewe yanausaidia mche kuzoea, na kiriba kikubwa hupokewa katika jua kamili ifikapo Februari au Machi. Miche inayofika mwezi wa Juni ikiwa imezoea jua, yenye mizizi iliyojaa kiriba, huvuka kiangazi kwa maji ya ndoo. Anayechelewa na kutia mbegu Machi huikuta miche yake Juni bado ni michanga, jua kavu juu yake, naye hulazimika kuiacha chini ya paa mpaka mvua zirudi.

Jua nalo halikai mahali pamoja. Rumonge iko karibu na digrii 4 kusini ya ikweta, na jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na tena katika siku za kwanza za Oktoba. Katika Juni, saa sita za mchana, huwa limeinamia kaskazini kwa digrii 27. Katika Desemba limeinamia kusini kidogo. Paa lililofunika vema mwezi wa Oktoba huachia jua kuingia kwa ubavu wa kaskazini mwezi wa Juni. Ndiyo maana mwenye kitalu mzoefu hutundika makuti machache upande huo kwa ajili ya miche iliyochelewa, badala ya kuongeza mzigo juu. Na mahali ambapo milima iko karibu na ziwa, jua la asubuhi huchelewa kufika, hivyo kitalu kilichojengwa chini kabisa ya mlima kimekwisha kupewa kivuli cha saa kadhaa kabla ya mtu kuongeza cha kwake.

Mnunuzi basi atazame nini? Aanze na shingo ya mche, si ncha. Mche wa mwaka mmoja ulio mzima una kimo cha mita 1 hivi, kitako kilichojaa, na majani ya karibuni yamekwisha kupasuka kama makuti ya mti mkubwa na kutandaa kila upande kama mwavuli uliofunguliwa. Akiona majani yamesimama wima kama fagio, vijani vyake viko mbalimbali, na mche huyumba ukiguswa kwa kidole, auache. Aangalie pia jirani zake. Kama kundi zima limerefuka hivyo, sababu ni kivuli au msongamano, na likitanuliwa mapema katika jua laweza kupata nafuu. Kama ni mmoja tu uliorefuka kati ya wenzake wafupi waliopewa nafasi ileile, hiyo ni tabia ya kuzaliwa, na hakuna jua litakaloitengeneza. Yafaa pia kuuliza mbegu ilitiwa kiribani mwezi gani. Miche iliyokosa mnunuzi mwaka uliopita hubaki imebanana mpaka Oktoba nyingine, mizizi ikatoboa kiriba na kuingia ardhini, kisha huuzwa kama miche mikubwa.

Wapo wasionunua kabisa. Chini ya kila mchikichi mzee, hasa karibu na mahali pa kukamulia mawese, huota miche yenyewe kutokana na kokwa zilizodondoka, na ni desturi ya siku nyingi kuing'oa na kuipanda. Mwenye kufanya hivyo asihukumiwe haraka, kwa kuwa miche hiyo ni bure na fedha ni haba. Lakini imekulia katika kivuli kizito kuliko kile cha kitalu chochote, na kuing'oa huivunja mizizi. Zaidi ya hayo, kuna jambo lisiloonekana kwa macho. Mwaka 1941, wataalamu Beirnaert na Vanderweyen, waliokuwa wakifanya kazi Yangambi katika Kongo, walieleza kwamba mchikichi wa gamba jembamba uitwao tenera, unaotoa mafuta mengi, ni mtoto wa michikichi miwili tofauti: dura wenye gamba nene, na pisifera usio na gamba. Tenera ukizaana na tenera, robo ya watoto hurudi kuwa dura, nusu huwa tenera, na robo ni pisifera, ambao kwa kawaida maua yake ya kike hayakomazi mikungu. Kwa hiyo aokotaye miche chini ya miti mizuri ya tenera, hata kama angeilea katika jua lifaalo, hujipandia mti mmoja kati ya minne ambao huenda usimpe chochote. Kwa sababu hiyo mbegu bora hutengenezwa upya kila mara kwa kuwakutanisha wazazi hao wawili, na mkulima hushauriwa kuuliza kwa Ofisi ya Mafuta ya Mawese, OHP, au kwa ISABU, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa mwaka 1962, kabla ya kuamini maneno ya njiani.

Na mche mzuri ukishapandwa, habari ya kivuli haijesha. Ardhi ya Rumonge ni ndogo kwa watu wake, na ina historia nzito. Katika maafa ya mwaka 1972 watu wengi wa ukanda huu walikimbilia nchi jirani. Mashamba yao yakakaliwa na wengine, na mengine yakaingizwa katika mipango ya mashamba makubwa ya michikichi. Waliporejea, hasa katika miaka iliyofuata Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, watu wawili walijikuta wakidai shamba moja, kila mmoja akiwa na hoja yake. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo, iliyoundwa mwaka 2006, ilikuta mashauri mengi ya namna hiyo, na mara nyingi suluhisho lilikuwa ni kuligawanya shamba nusu kwa nusu. Mtu aliyebaki na nusu ya shamba bado ana watoto wale wale wa kulisha. Hupanda mihogo kati ya michikichi, huongeza migomba, na hupunguza umbali wa mita 9 kuwa 7 au 6.

Ni vigumu kumlaumu, na si lazima aache kabisa. Katika miaka mitatu ya kwanza kuna nafasi ya kutosha kati ya mistari kwa maharagwe na karanga, mimea mifupi isiyoufikia mchikichi kwa kimo, mradi duara la mita 1 na nusu kuzunguka kila mti liachwe wazi. Muhogo, unaopita kimo cha mtu, wahitaji kuwekwa mbali zaidi, katikati ya mstari. Mgomba ni mgeni mbaya kuliko wote, kwa sababu haukatwi baada ya mwaka mmoja. Hutoa watoto na kuendelea.

Mchikichi mchanga uliofunikwa namna hiyo haufi. Unaishi, una majani, una rangi ya kijani, na mwenyewe huridhika. Lakini mti huu huchipuza maua ya kiume na ya kike kwa zamu, na ni yale ya kike tu yanayogeuka kuwa mikungu. Chipukizi la ua huamuliwa kuwa jike au dume likiwa bado limefichwa ndani ya mti, miezi 20 hadi 24 kabla ya ua kufunguka. Mti wenye chakula cha kutosha huweka majike mengi. Mti wenye njaa, iwe ni njaa ya maji au ya mwanga, huweka madume. Kutoka kufunguka kwa ua jike hadi kuiva kwa chikichi ni miezi mingine mitano au sita. Hivyo mkulima anapotazama juu na kuona maua ya kiume tupu, hulaani mbegu, hulaani kitalu, pengine hulaani mvua ya mwaka huo. Hakumbuki migomba, kwa kuwa imekwisha kukatwa.

Kwa hesabu hiyo, kivuli kilichouangukia mti katika mvua za Oktoba hii hakitaonekana kwa yeyote mwaka ujao. Ua lililoamuliwa wakati huo litafunguka Oktoba ya mwaka utakaofuata huo, na kama ni jike, mkungu wake utakatwa mwezi wa Machi au Aprili baada yake.